Kijoka Asiyesema

Tulianza wachezaji wanne, na mimi mtambaji nikawa wa tano. Mmoja akahamishiwa Dodoma kikazi. Mwingine akajifungua, akasema kwa uungwana kabisa kwamba Jumamosi usiku haitawezekana tena mpaka mtoto ajue kulala. Wakabaki wawili: shemeji yangu, anayecheza mwizi mwenye vidole vyepesi, na binamu yangu, binti wa mjomba, anayecheza mchawi msomi wa vitabu.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, ni Dungeons & Dragons, ulioanzia Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anatamba hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndiyo inayoamua kama upanga umempata adui au umekata hewa. Kile ambacho kitabu kinaita class sisi tunakiita fani. Mwanzoni tulisema "darasa", mpaka mama mkwe aliyekuwa amejilaza kwenye kochi akauliza huyo mchawi yuko la ngapi.

Vifaa vyetu ni vya kuungaunga. Ramani ni mgongo wa kalenda ya ukutani, tumeichora miraba kwa rula na penseli. Mwizi ni kifuniko cha soda, mchawi ni kete ya bao. Dadu tunazo seti moja tu, zinazunguka meza kama sahani ya karanga.

Sasa wachezaji wawili ni wachache. Hasa hawa wawili. Mchawi hana ngozi ya kupigwa, na mwizi nguvu yake iko kwenye shambulio la kushtukiza, ambalo linafanya kazi pale tu anaporusha dadu mbili za nyuso 20 na kuchukua iliyo kubwa, au pale mwenzake anapokuwa amesimama ubavuni mwa adui. Ubavuni nani asimame, mchawi? Alisimama mara moja, akalala chini raundi ileile. Tulihitaji mwandani, yaani mhusika wa pembeni anayetembea na kundi na kusaidia kazi. Ilituchukua karibu miezi mitano na ugomvi mmoja wa kifamilia kumpata, na ndiyo maana naandika haya.

Kosa la kwanza lilikuwa langu peke yangu. Nilijitengenezea kasisi kamili, mwenye fani kamili kama ya mchezaji, nikamwendesha mwenyewe. Niliona natoa msaada: ataponya majeraha, atasimama mbele, mambo yatakwenda. Usiku mmoja kundi likavamia pango la goblini, vijitu viovu vya kwenye mchezo, na katikati ya vita nikajikuta narusha dadu ya goblini anayempiga kasisi wangu, halafu narusha dadu ya kasisi wangu anayempiga goblini, halafu nasimulia matokeo kwa sauti ya kishujaa. Nilipoinua macho, shemeji alikuwa anaangalia mpira kwenye simu, binamu anamenya chungwa. Hakuna aliyelalamika. Chungwa lilitosha.

Kwa hiyo kama wewe ni mtambaji na unaona mkono unawasha kumwendesha mwandani, mpe mchezaji. Kanuni zenyewe zinaruhusu njia kadhaa: mchezaji mmoja amchukue kama mhusika wa pili, au wachezaji wote wamwendeshe kwa pamoja, au mtambaji abaki naye. Hiyo ya mwisho ifanye ikikulazimu tu.

Hizo kanuni za wandani zilitoka kwenye kisanduku cha Essentials Kit mwaka 2019, kisha zikapanuliwa katika kitabu kiitwacho Tasha's Cauldron of Everything, Novemba 2020. Bei ya jalada ilikuwa dola 49.95. Nilimwagiza mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, na mpaka kitabu kinafika Tabata nilikuwa nimetoa laki na nusu na ushee, ukihesabu na soda za kumshukuru. Nasema bei kwa sababu hapo ndipo uchungu wa kosa la pili ulipo. Nilikuwa na kitabu. Kilikuwa mezani. Sikukisoma vizuri.

Kitabu kinatoa fani tatu kwa ajili ya wandani: Warrior, Expert na Spellcaster. Sisi tunasema Mpiganaji, Fundi na Mganga. Ni fani nyepesi makusudi, ili mchezaji mwenye mhusika wake asielemewe na karatasi mbili. Unachukua kiumbe chochote kilichoandikwa takwimu zake, mradi kipimo chake cha ukali kisizidi nusu, unambandika fani mojawapo, na anaanza kwenye ngazi ambayo ni wastani wa ngazi za kundi. Kundi likipanda, naye anapanda.

Binamu alishachagua kabla sijamaliza kueleza. Alimtaka pseudodragon, joka mdogo mwenye ukubwa wa paka, mwenye mabawa na mkia wa sumu. Kipimo chake robo, anaruhusiwa. Binamu akatoa kibanio cha nguo cha kijani kutoka kwenye kamba ya uani, akakiweka kwenye ramani mdomo ukiwa wazi, na kuanzia usiku ule akawa Kijoka. Akapewa fani ya Mganga, upande wa uponyaji.

Michezo mitatu mizuri. Kijoka aliponya, Kijoka alilala ndani ya kofia ya mchawi, Kijoka alimwibia mlinzi wa lango andazi. Uponyaji wenyewe ulikuwa hafifu, maana mponyaji anategemea busara na Kijoka busara yake ni 12, nyongeza ya 1 tu, lakini nani alijali. Mama mkwe alianza kuuliza habari zake.

Kabla ya mchezo wa nne nilikuwa naandaa mambo yangu kwenye daladala, nimepiga picha kurasa za kitabu kwa simu, nikasoma aya ya utangulizi ya fani ya Mganga. Ile aya ambayo kila mtu anairuka ili afike kwenye jedwali. Inasema kiumbe hawezi kupata fani hiyo asipokuwa na angalau lugha moja anayoweza kuisema. Fani ya Fundi ina sharti hilohilo. Mpiganaji hana.

Nikafungua takwimu za Kijoka, mstari wa lugha. Anaelewa Common, lugha ya wote mchezoni, na Draconic, lugha ya majoka, lakini hawezi kusema.

Hapo nikafanya kosa ambalo ni baya kuliko kutosoma. Nilimwandikia binamu ujumbe wa WhatsApp, palepale kwenye kiti, jamaa wa nyuma amenikandamizia begi shingoni: "Samahani, Kijoka hafai kuwa Mganga, kanuni hairuhusu. Jumamosi atakuwa Mpiganaji." Nukta. Sikuuliza, nilitangaza.

Alinipigia baada ya dakika mbili. "Kaka, wewe ni mtambaji au mwanasheria?"

Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akasema Kijoka anazungumza kwa mawazo, imeandikwa hivyo kwenye ukurasa uleule ninaousoma. Kweli imeandikwa: anaweza kupeleka picha, hisia na mawazo mepesi kwa kiumbe yeyote aliye ndani ya futi 100, mradi kiumbe huyo anaelewa lugha fulani. Nikasema hiyo si kusema. Akauliza, na bubu je, hawezi kuwa mganga? Sikuwa na jibu. Nikasema daladala imefika kituoni, jambo ambalo lilikuwa uongo.

Nimelifikiria sana swali lile. Mtambaji ana mamlaka ya kulegeza kanuni, na kama siku ya kwanza ningesoma sharti na kusema, "Sawa, Kijoka ni wa kipekee, tunampitisha," hakuna ambaye angeumia. Sharti lenyewe silioni baya. Bila hilo kila mbwa angekuwa mganga, na viumbe wenye ulimi wasingekuwa na thamani yoyote ya ziada. Shemeji tayari alikuwa ananidokeza kuhusu mbwa mwitu mwenye uchawi. Ila kulisimamisha sharti baada ya michezo mitatu ni kubadilisha bei ya nguo wakati mteja ameshaivaa. Ukigundua kosa katikati ya safari, kaa na watu ana kwa ana, waulize wanataka kulirekebisha au kuliacha. Usitangaze kwa simu.

Jumamosi ile Kijoka akawa Mpiganaji. Mpiganaji ana njia mbili, mshambuliaji au mlinzi. Tulimpa ulinzi kwa sababu ndiyo kundi lilichokosa, na kwa karatasi ilionekana sawa: adui aliye ndani ya futi 5 za mlinzi akimshambulia mtu mwingine, mlinzi anaingilia kati, na adui analazimika kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Mara moja kwa raundi.

Karatasi haikutuambia maana ya futi 5. Ili amlinde mchawi, kile kibanio kilipaswa kusimama kwenye mraba unaogusana na adui, na adui wa usiku ule alikuwa zimwi mwenye rungu, ogre wa kipimo cha 2, ambaye pigo lake moja ni dadu mbili za nyuso 8 na nyongeza ya 4. Pointi za uhai za Kijoka, pamoja na ngazi zote alizopanda, hazikufika 20. Kiumbe mdogo hivi anaongezewa uhai kwa dadu ya nyuso 4, ndogo kuliko zote mezani, na kumbandika jina la Mpiganaji hakuibadilishi dadu hiyo. Fani haibadilishi mwili. Hilo nilipaswa kulijua.

Raundi ya kwanza rungu lilimpata. Raundi ya pili likampata tena, akaanguka.

Mwandani akiishiwa uhai hafi papo hapo, anarusha dadu ya kufa na kupona kama wahusika wengine: mafanikio matatu atulie, mashindwa matatu aage. Binamu alirusha, ikashindwa. Raundi iliyofuata ikashindwa tena. Sebule ikanyamaza, hata feni niliisikia. Akaishika dadu kwa muda mrefu, hakunitazama, akairusha, ikazunguka kwenye kalenda, ikagonga glasi ya maji na kusimama kwenye 20. Ukipata 20 hapo unaamka na pointi 1 ya uhai. Kijoka akaruka mpaka darini na kubaki huko hadi vita vikaisha. Binamu alikichukua kibanio, akakitia kwenye pochi, akaaga. Wiki mbili hatukucheza.

Aliyetuokoa ni shemeji, ambaye kwa kawaida hana subira ya vikao. Alituita kwake, akaweka chipsi mayai, akasema leo hakuna dadu. Akauliza swali ambalo tulipaswa kuanza nalo: "Kabla hujaniambia unampenda nani, niambie tunakufa kwa sababu gani."

Tunakufa kwa sababu hakuna wa kusimama mbele. Hatufi kwa kukosa tiba, wala kwa kukosa mjuzi wa mitego, maana mwizi anajitosheleza. Tukishajua hilo, kazi ikawa rahisi. Tukafungua Monster Manual ya 2014, kitabu cha viumbe wa mchezo, ambayo ndiyo tunayoitumia, namba zote ninazotaja ni za humo, na tukawa tunasoma kila kiumbe kwa mpangilio ule ambao sasa siuachi. Kwanza kipimo: dubu wa kahawia aliyependwa na shemeji ni 1, nje. Dubu mweusi ni nusu, ndani. Halafu lugha, na hapo utakutana na hali tatu. Kuna wanaosema, hao wanaweza fani zote tatu. Kuna wanaoelewa bila kusema, kama Kijoka, na kuna wenye kistari kitupu, yaani wasio na lugha yoyote. Hawa wote wamebaki na Mpiganaji tu, upende usipende. Halafu dadu ya uhai, ambayo inafuata ukubwa wa mwili. Ukubwa wenyewe tuliusahau. Nitarudi hapo.

Koboldi, kijitu mwenye sura ya mjusi, anasema lugha mbili, na angekuwa Fundi mzuri sana, maana Fundi kila zamu anaweza kumsaidia mwenzake kama kitendo cha nyongeza, na mwizi akisaidiwa hivyo ana shambulio lake la kushtukiza bila kuhangaika. Nilimpigia debe. Lakini koboldi anaanza na pointi 5 za uhai, na swali la shemeji lilikuwa bado liko mezani karibu na chipsi. Kama kundi lenu lina askari mzito na linakosa mikono ya kusaidia, chukueni Fundi mkiwa mmefumba macho. Sisi hatukuwa na askari.

Tukamkuta worgi. Ni mfano wa mbwa mwitu, mkubwa kama punda, mwenye roho mbaya na akili ya kutosha kuringa. Kipimo nusu kamili. Pointi 26 za uhai kabla hata ya fani, dadu yake ya uhai ni ya nyuso 10, na aking'ata mtu anaweza kumwangusha chini. Halafu mstari wa lugha: anasema Goblin na Worg. Anasema! Fani zote tatu ziko wazi kwake. Shemeji akauliza mara moja kama anaweza kuwa Mganga, nikamwambia ndiyo, kanuni inaruhusu, na nikamwona binamu akinitazama kwa jicho ambalo nilistahili.

Worgi akawa Mpiganaji, mlinzi. Aliingia kwenye hadithi kama majeruhi: goblini walimtelekeza pangoni na mguu uliovunjika, na mwizi wa shemeji akamtupia nyama ya safari ya siku tatu. Kwamba ni mwovu hatukulificha. Makubaliano yalikuwa nyama kwanza, urafiki baadaye. Mlinzi mkubwa akisimama ubavuni mwa adui, mwizi anapata shambulio lake bila bughudha. Vita vya kwanza pamoja naye vilikwisha kabla chai haijapoa. Wanamwendesha kwa zamu, wiki hii shemeji, wiki ijayo binamu. Mimi nabaki na sauti yake tu.

Na sauti ndiyo ikaleta mambo. Sharti linasema awe na lugha anayoisema. Halisemi iwe lugha ambayo nyinyi mnaijua. Hakuna hata mmoja kwenye kundi anayejua Kigoblini. Usiku mzima nilikuwa nabweka maneno ya kutunga, na wao wananijibu kwa mikono kama watalii sokoni. Binamu akakumbuka mchawi wake ana uchawi wa kuelewa lugha, akautumia, na kumbe uchawi ule unakupa kusikia tu, haukupi kujibu. Kwa hiyo worgi anasema, mchawi anaelewa, halafu mchawi anabaki amekaa kimya kama Kijoka. Tazama lugha, halafu tazama ni ya nani.

Ule ukubwa niliosema tuliusahau: worgi anachukua miraba minne kwenye ramani. Kete yake ni kifuniko cha chupa ya chai, kinaenea miraba minne barabara. Mwezi uliopita kundi likafika kwenye njia ya chini ya ardhi yenye upana wa futi 5, mraba mmoja. Anaweza kujibana apite, lakini akiwa amejibana anapiga kwa dadu mbaya, na anayempiga anapiga kwa dadu nzuri. Kumpeleka mbele humo ni kumuua. Kumwacha nje bila maelezo ni kumpoteza, maana atadhani ametelekezwa tena, na aliyetelekezwa mara moja tunajua anavyofikiri.

Shemeji akajaribu ishara. Nikabweka. Akajaribu tena, nikabweka kwa hasira zaidi.

Binamu akafungua pochi. Kibanio cha kijani kilikuwemo muda wote. Nilikuwa nimemwambia, ana kwa ana safari hii, kwamba Kijoka anaweza kukaa na mchawi bila fani yoyote, kama kipenzi tu, maana kitabu kinaruhusu joka wa aina ile kujiunga na mtu kwa hiari yake. Alikuwa hajanijibu.

"Worgi anaelewa lugha fulani?" akauliza.

"Kigoblini."

"Na Kijoka anapeleka picha kwa yeyote anayeelewa lugha fulani."

Nikasoma ukurasa. Nikausoma tena. Nikasema ndiyo.

"Basi namwonyesha picha ya sisi tunatoka humu ndani," akasema, na akakibana kibanio kwenye ukingo wa kifuniko cha chupa ya chai.